Paka Wasiougua

Emérita Uwamwezi alisikia nyundo kabla dereva hajazima pikipiki. Mtu alikuwa akipigilia mbao nyembamba, na kwa jinsi misumari ilivyokuwa michache alijua lile sanduku ni dogo. Alikuwa ametoka Mubi kungali giza, tope limempanda hadi magotini, na agizo alilotumwa nalo lilikuwa fupi: kijijini Kalembe watoto wanakufa kwa sumu, mwenye sumu amekamatwa, nenda ukafunge kesi.

"Huyo njo wa tatu kufa," dereva alisema bila kumtazama. "Gisubizo, binti ya Nzabandora. Alikuwa bado hajaanza masomo."

Komanda Ngabo, mkuu wa polisi wa pale, alimpokea mbele ya kasho, mahabusu ya kijiji. Kasho ya Kalembe ilikuwa chumba kimoja cha udongo nyuma ya ofisi ya chifu, mlango wake umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Mlinzi alikuwa mmoja na bunduki ilikuwa moja.

"Mama OPJ, aksanti umefika," Ngabo alisema. Huku kila mpelelezi wa polisi aliitwa hivyo, OPJ, hata na watu wasiojua zile herufi zinasimamia nini. "Wanaenda kuzika. Wakitoka ku makaburi watapita hapa. Waliniambia kwa mudomo yao: komanda, tukirudi tukute mulango iko wazi, ao tutaifungua sisi wenyewe."

"Nani alisema ni sumu?"

"Kila muntu."

"Kila muntu si jina. Nani alisema wa kwanza?"

Ngabo alijikuna kidevu. "Dokta Makuza. Jérémie Makuza, wa hospitali ya nyama, ile ya kutibu ng'ombe. Chifu alimuita juu iko na masomo. Akasema maziwa inaweza kuua mutoto, na hawa watoto walikunywa maziwa ya Kayitesi."

"Alisema sumu?"

"Alisema maziwa. Sumu watu walimalizia wenyewe."

Emérita alitazama njia ya mlimani. Juu kule walikaa wafugaji, na huku bondeni walikaa wakulima, na Kayitesi alikuwa mtu wa juu aliyeshuka kila asubuhi kuwauzia maziwa watu wa chini. Akiuawa leo, kesho vijana wa juu watashuka, na keshokutwa nyumba za bondeni zitawaka. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amechunguza kesi za namna hiyo baada ya majivu kupoa, na hakuna hata moja iliyomfikisha mtu mahakamani.

"Fungua," alisema.

Kayitesi alikuwa mjane wa makamo, ameketi juu ya kitenge chake mwenyewe, jicho moja limevimba hadi likajifunga. Hakuinuka.

"Mama Kayitesi, mimi ni Emérita. Nimetoka Mubi. Sikuje kukupiga."

"Hata wenye walinipiga walianza na salamu."

Emérita alichutama ili nyuso zao ziwe sawa. "Ile siku mutoto ya Twizeyimana, yule wa kwanza, alianza kuhara, uliuzia nani maziwa?"

"Twizeyimana mwenyewe. Na Jean de Dieu. Nyumba zote za upande ya kanisa."

"Bidon moja ya maziwa?"

"Moja. Ng'ombe yangu ni tatu, Mama. Bidon ya pili itatoka wapi?"

"Upande ya kanisa nani aligonjwa?"

Mama yule alifikiri, kana kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hakuna."

"Mujukuu yako alikunywa?"

"Iko anakunywaka mbele ya wote. Mudomo yake njo ya kwanza mu ile bidon."

"Na Nzabandora alinunua?"

"Nzabandora hanunue kwangu tangu ng'ombe yangu iliingia mu maharagi yake. Tunapishana mu njia kama watu hawajuane."

"Uliambia komanda vile?"

"Nilimuambia." Kayitesi alipangusa midomo. "Akasema: kumbe uliwachukia, njo maana uliwaua."

Emérita alimgeukia Ngabo aliyesimama mlangoni. Komanda aliangalia viatu vyake. Jambo ambalo lingemtoa yule mama ndani ndilo lililokuwa limegeuzwa kamba ya kumfungia.

"Usifungue huu mulango kwa muntu yeyote," Emérita alimwambia. "Hata akiwa chifu."

Kituo cha afya kilikuwa hatua chache kutoka hapo. Francine, mwuguzi mkuu, alikuwa anasugua mikono kwenye beseni kwa nguvu ya mtu mwenye hasira na ngozi yake. Kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa upya, na godoro lake lilikuwa limeanikwa nje kwenye ua.

"Gisubizo alikufa juu ya hii," alisema. "Nilikuwa nimemushika mukono."

"Sumu?"

"Sumu ya wapi! Sumu haileti homa ya siku mingi, haileti choo ya damu. Nilituma chupa mbili Goma. Moja, choo ya mutoto ya Jean de Dieu, yule wa pili kufa. Moja, maziwa nilichota mimi mwenyewe mu bidon ya Kayitesi siku walimukamata. Laboratware ilinipigia leo asubui, kisha rezo ya simu ikakatika." Francine alitikisa maji mikononi. "Kwa mutoto walikuta salmonela. Ni kijidudu ya mu matumbo. Maziwa iko safi."

"Maziwa ya siku moja haiwezi kutolea ushahidi siku zote."

"Najua. Lakini mutoto ya Nzabandora hakukunywa hata tone."

"Na mimi njo nimesikia ile. Uliambia nani mambo ya laboratware?"

"Wewe njo wa kwanza. Wengine wote wako ku matanga." Alisogea karibu, sauti ikashuka. "Kuko kingine, Mama OPJ, na hiki njo kinaniogopesha. Watoto wote watatu niliwachoma ile dawa kali, ya mwisho mu kabati yangu. Kijidudu haikusikia. Laboratware inasema imeshazoea ile dawa. Imezoea wapi? Hapa Kalembe ile dawa ni bei kali, mimi mwenyewe siitumie ovyo."

"Nani mwingine anaitumia?"

"Kwa watu? Hakuna."

Emérita alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti. Mkono wake ukasimama. "Umesema kwa watu," alisema.

Francine alimtazama, kisha akakitazama kichupa kitupu cha ile dawa mezani, jina lake likisomeka wazi. Hakuwa amejisikia mwenyewe akisema.

Hata hivyo Emérita hakukimbilia hospitali ya wanyama. Mtu akikimbilia jibu la kwanza huwa anaacha mengine yakimcheka mgongoni, na yeye alikuwa na wazo jingine lililomsumbua tangu Mubi: sumu ya panya. Msimu wa maharage ulikuwa umekwisha, maghala yalikuwa yamejaa, na mwaka ule panya walikuwa wengi kuliko kawaida. Mtoto mdogo huokota chochote. Choo cha damu huletwa pia na sumu ya panya. Alishuka hadi kwa Twizeyimana.

Mwenye nyumba alikuwa ameenda kubeba sanduku la mtoto wa jirani. Mkewe, Uwamahoro, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kitambaa cheusi begani. Emérita alimpa pole, akakaa chini bila kukaribishwa kiti, akasubiri kidogo kabla ya kuuliza.

"Mama, mu nyumba yenu munaweka dawa ya panya?"

"Ya kufanya nini? Tuko na paka."

Paka alikuwa palepale, mwekundu, mnene, amejikunja juu ya blanketi dogo la rangi ya samawati. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imekatwa sawasawa.

"Hii blanketi ni ya nani?"

"Ya mutoto." Uwamahoro alinyoosha pindo lake. "Walikuwa wanalala pamoja. Sasa namuachia tu. Nikimutosha hapo, itabakia nini?"

"Na hii sikio, aligombana?"

"Hapana. Ni paka ya dokta. Makuza anakataka sikio kwa wenye alishatibu. Panya walikuwa wanatumaliza maharagi, akasema mutu mwenye kutaka paka aende hospitali ya nyama. Wengi walienda."

"Jean de Dieu?"

"Iko naye."

"Nzabandora?"

"Njo wa mwisho kuchukua. Kayitesi alikuwa ameshafungwa mu kasho, njo watu walisema sumu yake inatembea hata bila yeye."

Emérita alisogea karibu na blanketi. Aliinamia yule paka bila kumgusa. Macho yalikuwa maangavu, manyoya yanang'aa, tumbo linapanda na kushuka taratibu.

"Alishagonjwa hata siku moja?"

"Huyu? Angalia vile iko munene, Mama. Mu hii nyumba yeye njo hajakosaka afya."

"Na watoto wengine wa hizi nyumba za paka?"

"Walihara, wengi. Wakapona. Ya kwangu alikuwa ametoka mu surua, hakukuwa na nguvu." Uwamahoro aliinua uso. "Kwa nini unauliza paka? Munauaka watu kule kasho, huku munauliza paka?"

"Nauliza ili wasimuue mutu," Emérita alisema. "Mama, tafazali. Usimushike tena kwa mukono. Na hiyo blanketi, ichemushe."

Alitoka kabla hajaulizwa sababu. Kule juu, kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kulia.

Hospitali ya wanyama ilisimama mwisho wa kijiji, jengo zuri kuliko ofisi ya chifu, la matofali na mabati, lililojengwa na wafadhili wa nje kwa ajili ya ng'ombe wa milimani. Jérémie Makuza alikuwa zizini, buti hadi magotini, mkono mtupu ndani ya kinywa cha ndama akitafuta kidonda. Mtu mrefu, mwenye sauti ya upole. Alijifuta kwenye suruali na kumpa Emérita kifundo cha mkono amsalimie.

"Mama OPJ. Ni huzuni, haya mambo."

"Ni huzuni. Nasikia uko na paka, dokta. Nionyeshe."

Kope za Makuza zilicheza mara moja. "Paka?"

"Kule kwetu Mubi panya ni wengi pia."

Alimwongoza upande wa nyuma. Mlangoni, kwenye msumari, palining'inia glavu ndefu za mpira. Akazivaa moja moja, akazivuta hadi kwenye viwiko. Chini palikuwa na beseni la maji ya klori. Emérita alitazama ile mikono iliyokuwa mitupu kinywani mwa ndama, sasa imefungwa kama ya mtu anayeingia kwa mgonjwa wa ebola.

Ndani, paka walikuwa katika vizimba vya waya, wengine wana bandeji, wengi hawana jeraha lolote. Katikati ya chumba kulikuwa na karai.

"Wanakula nini?"

"Yenye inabakia. Matumbo. Ndama yenye ng'ombe imezaa mbele ya siku, ikakufa."

"Mbichi?"

"Kuni itatoka wapi, Mama? Wafadhili wanatuma madawa, hawatume kuni."

"Na dawa gani?" Emérita alikuwa ameinamia ndoo ya taka. Aliokota kichupa kitupu kwa ncha ya kitambaa, akasoma jina. Lilikuwa jina lilelile la kwenye kichupa cha Francine. "Hii unachoma nani?"

"Ng'ombe wenye matiti imeharibika. Na paka, wakija na vidonda."

"Kila paka?"

"Karibu kila mumoja. Ni ya bure, inafikaka makaratoni. Dawa ni nzuri."

"Hawa wote ni wazima?"

"Wazima kabisa."

"Basi nipe mumoja nirudi naye Mubi."

Makuza alisimama kati yake na vizimba. Paka mmoja alilia. "Si leo," alisema. "Wenye wako hapa bado... bado sijawamaliza."

"Umesema ni wazima kabisa."

"Si leo, Mama OPJ."

"Sawa." Emérita alikunja kile kichupa ndani ya kitambaa na kukitia mfukoni. "Niko na safari ndefu. Mu nyumba yako kuko choo?"

Nyumba ya daktari ilikuwa nyuma ya zizi. Mkewe, Tuyishime, alimwonyesha choo uani. Alipokuwa anarudi, Emérita alipitia sebuleni kwa makusudi, polepole, kama mtu aliyepotea mlango. Nyuma ya mlango, juu ya kifuniko cha kopo la samaki, palikuwa na punje za sumu ya panya za rangi ya waridi. Kingine kilikuwa chini ya kabati. Kingine dirishani. Panya mfu alikuwa kwenye kona, bado hajafagiliwa.

Alisimama. Nusu ya bonde ilikuwa na paka wa mtu huyu. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inaliwa na panya, naye alitega sumu.

"Mama Tuyishime, juu ya nini hapa hamuna paka?"

Mwanamke yule alikificha kifuniko kimoja kwa mguu wake, bila sababu, kwani kilikuwa kimekwisha kuonekana. "Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Naona kiti kidogo pale, na mutoto simuone."

Tuyishime alikiangalia kile kiti, kilichochongwa kwa ajili ya mtu wa kimo cha goti. Kengele ya kanisa ilikuwa imenyamaza, maana yake watu walikuwa tayari wamefika makaburini.

"Alikufaka mu musimu ya mvua," alisema. "Tuliambia watu ni malaria."

"Na haikuwa malaria."

"Alikuwa anacheza mule, na wale paka. Jérémie alipeleka choo yake Goma, na choo ya paka, kwa rafiki yake walisomaka naye. Yule rafiki akapiga simu. Nilikuwa hapa, nilisikia. Akasema ni kijidudu moja. Ile ya mutoto na ile ya paka, ni moja." Alikuwa hatoi machozi, maneno yalitoka makavu kama mtu anayesoma. "Paka wanaibeba mu tumbo, na wao haiwafanye kitu."

"Tuyishime." Makuza alikuwa mlangoni. Hakuwa amevua glavu.

"Nimechoka, Jérémie," mkewe alisema. "Nimechoka kusikia ngoma ya matanga na kuhesabu ni nyumba gani."

Emérita alijiweka kati yao. "Kaa chini, dokta."

Alikaa, si kwenye kiti, bali sakafuni, mgongo ukutani.

"Ulijua kutoka mu mvua."

"Nilijua wa hapa. Wenye nilikuwa nimeshagawa, nilijitia moyo. Si kila paka iko nayo. Niliwachoma dawa wote, nikawaona wananenepa, nikasema wamepona."

"Dawa iliua vijidudu vyenye kusikia, ikaacha vyenye haisikie. Mwuguzi amenieleza kwa njia yake. Wewe uliyesomea, ulihitaji kuelezwa?"

Makuza alizitazama glavu zake.

"Mutoto ya Twizeyimana akafa. Wa Jean de Dieu akafa. Chifu akakuita, akakuuliza. Ukasema maziwa."

"Nilisema maziwa *inaweza*—"

"Dokta."

Aliinamisha kichwa. "Wafadhili walikuwa wanakuja kuangalia. Wakisikia paka za hospitali zinaua watoto, wanafunga. Wakifunga, ng'ombe za hii milima nani atazitibu? Watu wanaishi ku ng'ombe, Mama. Nilisema nipate wakati kidogo, niwaondoe paka pole pole, bila kelele. Sikujua watamufunga."

"Walimufunga. Ulijua siku ileile. Kisha ukampa Nzabandora paka."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Alikuja na yule mutoto. Gisubizo. Alisimama mu mulango, akamuonyesha paka kwa kidole, yule mweupe. Nzabandora akasema kila mutu alipewa, mimi juu ya nini unaninyima? Ningemujibu nini? Ningemunyima, angeuliza sababu. Nilichagua mwenye nilidhani iko safi."

"Ulidhani."

"Nilidhani."

Emérita alimfunga pingu palepale sakafuni, juu ya zile glavu. Kisha alisimama akafikiri, na kila alichofikiri kilikuwa kibaya. Akimpeleka mbele ya watu, watamla nyama. Akimficha na kuwaeleza yeye mwenyewe, nani atamsikiliza mpelelezi aliyefika asubuhi, dhidi ya neno la daktari waliloliamini? Ulimi uliomtia Kayitesi ndani ndio pekee ungemtoa.

"Utasema kwa mudomo yako," alimwambia.

"Wataniua."

"Naweza kufa nawe. Sikuahidi zaidi."

Tuyishime aliinuka, akamfunga mumewe vizuri vifungo vya shati, kama anavyofanya mke asubuhi ya kazi. Halafu akaingia chumbani na kufunga mlango.

Walipofika kwenye kasho, watu walikuwa tayari wametoka makaburini. Hawakuwa na kelele, na hilo ndilo lililomtisha Emérita. Walikuwa wamejaa uwanja mzima, majembe ya kuzikia bado yana udongo mbichi, na mbele yao Nzabandora, mikono mitupu, koti la suti juu ya kaptula. Ngabo alikuwa ameegemea mlango na bunduki yake imeelekezwa chini. Mnyororo ulikuwa bado mahali pake.

"Papa Nzabandora," Emérita alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Kuko mutu anataka kukuambia kitu. Akimaliza, fanya yenye utafanya."

Waliona pingu. Uwanja ulinguruma, ukatulia. Makuza alipanda kwenye ngazi ya ofisi. Alianza mara mbili, akakwama mara mbili.

"Si Kayitesi," alisema. "Si maziwa. Niliwadanganya. Ni paka. Ni paka nilizowapa." Akawaeleza, kwa maneno ya kawaida, bila Kifaransa: kwamba kijidudu kinakaa ndani ya tumbo la paka mzima, kwamba kinatoka na choo chake, kinashika kwenye manyoya anapojilamba, kinaingia kinywani mwa mtoto anayemkumbatia. Kwamba dawa haikisikii tena, na aliyekizoeza ni yeye. Kwamba mwana wake mwenyewe alikufa hivyo. "Mwenye sikio imekatwa," alisema. "Wote wenye sikio imekatwa. Siwezi kuwaambia ni nani iko nayo na nani hana. Sijue."

Emérita alihesabu hatua kutoka kwa jembe la karibu hadi kwenye kichwa cha Makuza, akasogea nusu yake. Alikuwa anangoja mtu wa kwanza. Huwa kuna mtu wa kwanza.

Mtu wa kwanza alikuwa mwanamke. Hakupiga kelele. Aliweka mkono kinywani, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwake.

Kisha mwingine. Kisha mwanamume aliyetupa jembe lake chini. Kisha uwanja mzima ulipasuka, watu wakigongana mabega, wakiita majina ya watoto wao kabla hawajafika popote. Kwa muda mfupi palikuwa hapana mtu, ila majembe yaliyotapakaa na Francine aliyekuwa akiwakimbilia nyuma akipaza sauti: "Musiwashike na mikono! Musiwapige, damu itamwangika! Muwafungie tu, muwafungie!" Hakuna aliyegeuka.

Nzabandora alikuwa bado amesimama.

"Nilimubeba mimi," alisema. Alilifungua koti lake, akalitazama kwa ndani. "Humu. Mvua ilikuwa inanyesha, Gisubizo akasema, Papa, atalowa. Nikamutia humu."

Alimtazama Makuza kwa muda mrefu. Makuza hakusogea. Kisha akamtazama Emérita, na swali lake lilikuwa la kweli, la mtu anayetaka kuambiwa.

"Sasa nimuue nani?"

Nyuma yake Emérita alisikia mnyororo ukianguka. Ngabo alikuwa amefungua. Kayitesi alitoka akiziba jicho lake kwa mwanga, kitenge mkononi, akasimama hatua mbili kutoka kwa mtu ambaye muda mfupi kabla alikuwa amekuja kumuua.

"Papa Nzabandora," alisema. "Mutoto mwingine, ule mudogo, iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

"Na nani?"

Nzabandora alifikiri. Emérita aliona wazo likipanda usoni mwake kama maji yanavyopanda ndani ya kisima. "Amelala," alisema. "Amelala na ule paka."

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki uwanjani.

Emérita alimwambia Ngabo alete pikipiki. Ilibidi Makuza awe njiani kwenda Mubi kabla hofu haijageuka tena kuwa hasira. Hilo halingechukua muda. Alimshika Kayitesi bega.

"Twende wote, Mama. Nitatafuta pikipiki ingine. Hapa si salama kwako."

"Nikienda leo, watasema nilikuwa na kosa."

"Na ukibakia?"

"Nikibakia, pengine mumoja atanisalimia." Alijifunga kitenge kiunoni, akakaza fundo. "Ng'ombe haijakamuliwa muzuri tangu walinifunga. Zinalia, nazisikia hapa."

Alianza kupanda njia ya mlimani, polepole, mkono ubavuni mahali walipompiga. Emérita alimtazama hadi Ngabo alipowasha pikipiki. Makuza alipandishwa katikati, pingu mbele. Walipopita nyumba za kwanza za bondeni, milango yote ilikuwa imefungwa. Nyuma ya mmoja kulisikika fimbo ikipiga mara moja, mara mbili, kisha mtoto akaanza kupiga kelele akimlilia paka wake.